Huruma Haimsomeshi Mtoto

Mvua za kwanza zinapokaribia, wewe hufanya nini? Hungoji mvua inyeshe ndipo uanze kutafuta jembe. Unasafisha shamba mapema. Unachagua mbegu. Jembe lililolegea unalitia mpini mpya. Mvua ikinyesha, inakukuta tayari.

Sasa nakuuliza swali la pili. Shule inapofunguliwa mwezi wa Januari, mtoto asiyeona, au asiyesikia, au asiyeweza kutembea, anatukuta tayari?

Mimi ni afisa elimu ya watu wazima. Madarasa yetu mengi ya kisomo hukutana jioni katika majengo ya shule za msingi. Kwa hiyo nimeziona shule nyingi za vijijini, na nimezungumza na wazazi wengi. Jibu langu ni hili: mara nyingi hatuko tayari. Si kwamba tuna roho mbaya. Huruma tunayo tele. Kinachokosekana ni mpango.

Mteremko uliojengwa kwa siku moja

Nitakueleza jambo nililoliona kwa macho yangu.

Katika kijiji kimoja alikuwapo mvulana wa miaka 8. Miguu yake haikuwa na nguvu. Mwezi wa Januari alipata msaada wa kiti cha magurudumu. Kijiji kizima kilifurahi. Watu wakasema, "Sasa mtoto huyu ataingia shule." Darasa lilikuwa na ngazi mlangoni. Wananchi wakaleta mawe, mchanga na mifuko 2 ya saruji. Wakajenga njia ya mteremko kwa siku moja tu. Kazi ilipokwisha, tulipiga makofi. Nasema tulipiga, kwa sababu hata mimi nilikuwapo.

Siku ya pili mtoto alifika. Akasukuma magurudumu kwa mikono yake. Kiti kikapanda kidogo, kisha kikarudi nyuma. Akajaribu tena. Kikarudi tena. Mteremko ulikuwa mkali kama paa la nyumba. Kila siku alingoja wenzake wawili waje kumsukuma. Wasipokuwapo, alibaki nje.

Mwezi wa Machi akaacha kuja shuleni. Nilikwenda kwao. Nikamwuliza, "Mwanangu, ni ule mteremko?" Akatazama chini. Akasema, "Mteremko ni mbaya, lakini tatizo langu ni choo."

Mlango wa choo cha shule ulikuwa mwembamba. Kiti hakikupita. Ilimbidi atambae kwa mikono juu ya sakafu chafu, mbele ya wenzake. Kwa hiyo akaamua kutokunywa maji tangu asubuhi mpaka anaporudi nyumbani. Kichwa kilimwuma kila siku. Mwisho alichoka.

Ndugu msomaji, kijiji kile kilikuwa na huruma. Kilitoa saruji yake na jasho lake. Lakini hakuna aliyepima. Na hakuna aliyemwuliza mtoto mwenyewe. Wahenga walisema: kitanda usichokilalia, hujui kunguni wake.

Hesabu yetu ya kisomo inatosha

Kupima mteremko si kazi ngumu. Mafundi wana kanuni yake. Kila sentimita 1 ya kimo inahitaji sentimita 12 za urefu. Sakafu ya darasa lile ilikuwa juu kwa sentimita 50. Basi tuzidishe:

50 × 12 = 600

Sentimita 600 ni mita 6. Mteremko uliojengwa haukufika hata mita 2. Ndiyo maana kiti kilirudi nyuma.

Hesabu hii ya kuzidisha tunaifanya katika madarasa yetu ya kisomo. Mwanakisomo yeyote angeweza kuifanya kwa kijiti mchangani kabla ya mfuko wa kwanza wa saruji kufunguliwa. Kimo kikiwa kikubwa, njia itakuwa ndefu, na pengine itafaa kuanza na darasa lenye sakafu ya chini. Hilo nalo ni la kupanga. Mara nyingine kumhamisha darasa zima kwenda chumba kingine ni rahisi kuliko kujenga.

Kosa langu mwenyewe

Usifikiri nawalaumu wengine tu. Nina kosa langu pia.

Kabla ya kazi hii nilikuwa mwalimu wa darasa la 3. Nilikuwa na cheti changu cha ualimu, na nilijiona najua kazi. Darasani kwangu alikuwamo msichana mwenye ualbino. Kila nilipoandika ubaoni, yeye aligeuka na kutazama daftari la jirani yake. Nikadhani anaiba majibu. Nikamhamisha akae peke yake karibu na dirisha.

Baada ya wiki mbili mama yake alikuja shuleni. Alinisalimu vizuri, kisha akasema, "Mwalimu, mwanangu haibi. Ubao haumwonekanii. Na pale dirishani jua linamwumiza macho."

Nilikosa la kusema. Watu wengi wenye ualbino huona kwa shida, na mwanga mkali huwazidishia shida hiyo. Mimi nilimtoa penye nafuu nikamweka penye adhabu, kwa sababu sikuuliza.

Tulifanya mambo manne. Nilimhamisha mbele, mbali na dirisha. Tuliupaka ubao rangi nyeusi upya, maana ulikuwa umepauka. Kila nilichoandika nilikisoma kwa sauti. Na nilimruhusu asogee karibu na ubao wakati wowote. Mama yake akamshonea kofia pana na nguo ya mikono mirefu ya kuvaa njiani, kwa sababu jua huichoma ngozi isiyo na rangi na baadaye huweza kuleta saratani. Mwisho wa mwaka msichana yule alikuwa wa 8 katika darasa la wanafunzi 70.

Mambo yale hayakuhitaji mfadhili. Rangi ya ubao tu ndiyo iliyogharimu fedha. Lakini zilikuwa zimepotea wiki mbili za masomo na machozi ya mtoto. Kama ningemwita mama yake mwezi wa Desemba na kumwuliza, zisingepotea.

"Wapelekwe shule maalumu"

Nikisema maneno haya mikutanoni, watu wengine hunijibu, "Watoto hao wana shule zao. Wapelekwe huko."

Ni kweli, shule hizo zipo. Shule ya wasioona ya Buigiri, mkoani Dodoma, ilianza mwaka 1950. Shule ya viziwi ya Tabora ilianza mwaka 1963. Shule hizi na nyingine zimefanya kazi kubwa, nami naziheshimu.

Tena wako watoto wanaozihitaji kweli. Mtoto asiyesikia tangu kuzaliwa anahitaji lugha ya alama. Anahitaji mwalimu anayeijua, na wenzake wa kuzungumza naye kwa lugha hiyo. Ukimkalisha tu katikati ya watoto 70 wanaosema kwa midomo, hujamsomesha. Umemweka darasani kama mzigo. Mtoto asiyeona kabisa anahitaji mwalimu wa nukta nundu. Hayo ni maandishi yanayosomwa kwa vidole. Yalibuniwa na Mfaransa Louis Braille, ambaye alipofuka akiwa mtoto mdogo. Mwaka 1824 alikuwa na umri wa miaka 15 tu alipotengeneza alama zote za herufi kwa kutumia nukta 6. Mpaka leo watu wasioona duniani kote husoma kwa nukta hizo.

Lakini fikiri, ndugu msomaji. Nchi yetu ina vijiji zaidi ya 12,000. Shule maalumu ni chache, na nafasi zake ni chache. Zaidi ya hayo, watoto wengi wenye ulemavu hawazihitaji. Anayetembea kwa magongo anahitaji njia nzuri na choo kizuri. Anayeona kwa shida anahitaji kukaa mbele. Anayesikia kwa sikio moja anahitaji kukaa upande ambao sikio lake zima litamwelekea mwalimu. Anayeelewa polepole anahitaji mwalimu mvumilivu na kazi iliyogawanywa vipande vidogo. Hayo yote yanawezekana katika shule ya kijiji chetu.

Basi maoni yangu ni haya. Mtoto apelekwe shule ya mbali kwa sababu imeonekana kuwa ndiyo itakayomfaa, baada ya kupimwa, na baada ya wazazi kushauriana na mwalimu. Asipelekwe mbali ili sisi tusimwone. Na asifichwe nyumbani huku tukisema tunangoja nafasi.

"Elimu itamfaa nini?"

Wengine huuliza, "Mtoto huyu hata akisoma, atafanya nini?"

Swali hili nalirudisha kwako, wewe uliyejifunza kusoma ukiwa mtu mzima. Unakumbuka ulipopokea barua, ukamtafuta mtoto wa jirani akusomee siri zako? Unakumbuka ulipotia dole gumba penye karatasi usiyoijua? Unakumbuka ulivyokaa kimya mkutanoni, si kwa kukosa akili, bali kwa kuona haya? Uliachwa nyuma kwa muda mrefu. Wewe unajua uchungu wake kuliko mimi mwenye cheti.

Mtoto anayekosa shule leo akiwa na miaka 7 atakuja katika darasa letu la kisomo akiwa na miaka 40. Tutampokea kwa furaha. Lakini miaka 33 hatuwezi kumrudishia.

Isitoshe, elimu ni haki yake. Nchi yetu iliuridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009. Mwaka 2010 ikatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Sheria hiyo inampa mtoto mwenye ulemavu haki ya elimu sawa na watoto wengine. Kwa hiyo tunapotengeneza njia na choo hatumpi mtoto zawadi. Tunamlipa deni lake.

Tena tukumbuke: hujafa hujaumbika. Ajali, maradhi na uzee humfikia yeyote. Mteremko ule utampandisha pia mama mjamzito, na mzee mwenye mkongojo anayekuja kisomo jioni.

Kalenda ya kijiji

Sasa tufanye nini? Mimi napendekeza kila kijiji kiwe na mpango wa miezi minne kabla ya shule kufunguliwa.

Mwezi wa Septemba: kuhesabu. Kila mwenyekiti wa kitongoji apite nyumba kwa nyumba, pamoja na mama mmoja anayeheshimiwa. Wapo wazazi wanaoona haya, na mama hufunguliwa milango upesi zaidi. Wasiulize, "Hapa pana kilema?" Waulize kwa upole: Je, yupo mtoto anayepata shida kuona? Kusikia? Kutembea? Kusema au kueleweka? Kukumbuka anachofundishwa? Kujilisha na kujiosha?

Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba katika kila watu 100 wenye umri wa miaka 7 na zaidi, watu 11 hivi wana ulemavu wa aina fulani. Kwa watoto idadi ni ndogo kuliko kwa wazee. Hata hivyo, shule ikiwa na wanafunzi 400 na mwenye ulemavu akaonekana mmoja tu, tujiulize wengine wako wapi.

Mtoto anayetoka usaha sikioni apelekwe zahanati mara moja. Asitiwe mafuta wala majani sikioni. Usaha wa siku nyingi huharibu usikivu, na ukitibiwa mapema masikio huweza kuokolewa. Mtoto anayeona kwa shida apelekwe hospitali apimwe. Wengine wanahitaji miwani tu.

Mwezi wa Oktoba: kuuliza. Mwalimu akae na mzazi na mtoto. Amwulize mtoto mwenyewe: Unaweza nini? Nini kinakuzuia? Njiani pana nini? Chooni je? Majibu yaandikwe kwenye karatasi moja. Karatasi ya yule mvulana ingekuwa hivi:

Kinachozuia: Choo.
Kazi: Kupanua mlango ufike sentimita 90. Kujenga kiti cha choo. Kuweka mti imara wa kushika.
Nani: Fundi wa kitongoji na watu wawili wa kamati ya shule.
Lini: Kabla ya tarehe 15 Desemba.

Angalia vizuri maneno haya mawili: nani na lini. Mpango usio na mtu na tarehe ni maneno ya barazani. Kila mtu humtazama mwenzake, na Januari hufika.

Mwezi wa Novemba: kugawana kazi. Mambo haya yaletwe katika mkutano mkuu wa kijiji. Yasomwe kwa sauti, lakini siri za mtoto zisitajwe. Kinachotajwa ni kazi: mchanga, mawe, saruji, fundi, njia ya kufyeka. Mtoto naye aitwe kwa jina alilopewa na wazazi wake. Tusimwite kwa mguu wake wala kwa jicho lake.

Mwezi wa Desemba: kujaribu. Kabla ya shule kufunguliwa, mtoto aletwe. Apande mteremko mwenyewe. Aingie chooni mwenyewe. Akae katika dawati lake atazame ubao. Kilichokosewa kirekebishwe siku hizo hizo. Saruji iliyokauka vibaya ni hasara, lakini mtoto aliyekata tamaa ni hasara kubwa zaidi.

Mpango usiishie Januari. Kiti cha magurudumu hupata pancha. Mtoto hukua na magongo huwa mafupi. Kila muhula karatasi ile isomwe tena. Na mtoto anapokaribia mtihani wa darasa la mwisho, mwalimu mkuu atoe taarifa mapema, wakati wa kusajili. Baraza la Mitihani hutoa mitihani ya maandishi makubwa na ya nukta nundu, na humwongezea muda mtahiniwa anayehitaji. Lakini Baraza haliwezi kumwandalia mtu ambaye halijaambiwa habari zake.

Kazi ya kalamu yetu

Ndugu mwanakisomo, pengine unasema, "Mimi si mwalimu, wala si mwenyekiti. Nitafanya nini?"

Wewe unajua kusoma na kuandika. Katika mkutano ujao wa kijiji, simama uulize: "Watoto wenye ulemavu watakaoanza shule Januari ni wangapi, na nani anafanya kazi gani, kabla ya tarehe ipi?" Wakikujibu, andika. Mkutano unaofuata, simama usome ulichoandika. Utaona jinsi karatasi yako itakavyowaamsha watu.

Nimalizie habari ya yule mvulana. Kijiji kilikubali kosa. Mteremko ulivunjwa, ukajengwa mwingine wa mita 6. Mlango wa choo ulipanuliwa. Yeye mwenyewe aliwaonyesha mafundi pa kuweka mti wa kushika. Januari iliyofuata alirudi shuleni, akapanda mwenyewe mpaka mlangoni. Safari hii hatukupiga makofi. Tulikuwa tunawatazama watoto aliokuwa ameanza nao mwaka uliopita. Walikuwa wanaingia darasa la 2, na yeye alikuwa anaanza upya darasa la 1.

Mwaka ule mmoja tulimpotezea sisi, tuliomhurumia. Tusimpotezee mwingine.

Maswali ya kujadili darasani

1. Kwa nini yule mvulana aliacha shule, ingawa alijengewa mteremko?
2. Sakafu ya darasa iko juu kwa sentimita 30. Mteremko wake uwe na urefu wa mita ngapi?
3. Pimeni mlango wa choo cha shule yenu. Kiti cha magurudumu kinaweza kupita?
4. Je, katika kitongoji chenu yupo mtoto wa umri wa kwenda shule ambaye haendi? Nini kinamzuia?
5. Andikeni karatasi moja yenye mambo manne: kinachozuia, kazi, nani, na lini. Mpelekeeni mwenyekiti wa kijiji.